Mwizi wa Ndani ya Mtungi: Mehboob Khan, Dairekta Asiyejua Kusoma

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwa vijana wanaotengeneza filamu hapa Dar. Wengi mmenitumia meseji kwamba mlikwama kazini au kwenye foleni, basi naiweka yote kama nilivyoongea. Picha zilizokuwa kwenye projekta nimeziacha.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ambao hamjajibu zote mbili, mambo vipi?

Haya, asanteni. Niwashukuru walioandaa, viti vimetosha, feni zinazunguka, kijana wa projekta kanihakikishia umeme ukikatika jenereta ipo, na simu naomba ziwe sailenti maana mimi nikisikia mlio wa wasap tu nasahau nilikuwa naongea nini.

Nimeombwa niongelee dairekta mmoja wa Kihindi ambaye nyie mnaoshika kamera mnaweza kuchukua kitu kwake. Mmoja tu. Najua wengi mlitegemea nije na Raj Kapoor, au Yash Chopra, au hawa wa siku hizi ambao gari inapaa, inageuka hewani, na stering anashuka nywele hazijavurugika. Mimi nimekuja na Mehboob Khan.

Nani humu ndani anamjua Mehboob Khan? Mikono jamani. Mmoja... wawili... wewe umegugo sasa hivi, nimekuona, shusha mkono.

Sawa. Nani amewahi kuisikia Mother India? Ehee! Angalieni mikono hiyo! Hata waliozaliwa juzijuzi wanaijua, wameisikia kwa mama zao na bibi zao. Enzi za Avalon na Empress hapa Dar, enzi za Majestic kule Unguja, picha la Kihindi ndiyo ilikuwa Jumapili yenyewe, na kulikuwa na maonyesho ya kina mama peke yao, wanaingia na mabuibui yao na leso za kufutia machozi, Kihindi hawajui, maandishi ya chini hayapo, na wanalia. Siyo hapa tu. Kano, kaskazini mwa Nigeria, kwa Wahausa huko, Mother India imeonyeshwa miaka na miaka na watu wanaijua mstari kwa mstari.

Sasa mama wa kwenye picha anajulikana. Mtoto wake mtukutu anajulikana. Nyimbo za Kihindi zenyewe watu walizichukua wakaziingiza mpaka kwenye taarab. Aliyeitengeneza hiyo picha je? Kimya. Basi leo zamu yake.

Mehboob kazaliwa mwaka 1907, Bilimora, huko Gujarat, enzi hizo ikiwa ndani ya himaya ya mtawala wa Baroda. Nyumba ya kimaskini, shule hakupata ya maana, kusoma na kuandika vikampita pembeni hivyo. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa sinema. Akatoroka kwao akaenda Bombay. Inasimuliwa kwamba kibarua cha mwanzo kilikuwa kwenye mazizi ya farasi, kushughulika na kwato, na mnajua sinema za wakati ule bila farasi haziendi, kwa hiyo mtu wa farasi anafika mpaka getini kwa studio. Ukishafika getini si umeshafika nusu?

Akaingia Imperial Film Company, kampuni ya mzee mmoja anaitwa Ardeshir Irani. Akaingia kama ekstra. Mnajua ekstra? Najua mnajua, nusu yenu mlianzia hapo, unapewa elfu kumi na chapati unaambiwa pita nyuma kule kama unaenda sokoni, usiangalie kamera.

Mwaka 1927, sinema bado hazina sauti, wakatengeneza ile hadithi ya Alibaba na wezi arobaini. Mehboob akapewa nafasi. Nafasi gani? Mwizi. Mwizi wa ngapi? Mmoja kati ya arobaini. Na nyie hadithi mnaijua, wale wezi wanafanya nini? Wanajificha ndani ya mitungi. Sasa hebu fikiria, umetoroka kwenu, umemwacha mama analia, umelala na farasi, hatimaye umefika kwenye filamu, na kazi yako ni kukaa ndani ya mtungi. Ndani ya mtungi! Filamu haina sauti na wewe sura haionekani. Nani atakuona? Nani atakusikia?

Ndiyo alivyoanza. Huyo huyo ambaye miaka thelathini baadaye picha yake inafika Oscar.

Lakini kabla hatujafika huko kuna hili pigo la 1931. Ardeshir Irani kaamua kutengeneza Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti. Ya kwanza kabisa! Na stering anayefikiriwa ni nani? Kijana wetu wa mtungi. Alikuwa mrefu, ana sura, ana hamu. Halafu wakubwa wakakaa wakasema hapana, hii pesa ni nyingi, tutafute mtu mwenye jina tayari. Wakamchukua Master Vithal, aliyekuwa staa wa kurusha panga kwenye filamu za kimya. Mehboob akabaki na zile zile nafasi za pembeni.

Wadogo zangu, mmeshanyang'anywa kazi namna hiyo? Unaambiwa wewe ndiyo wewe, unawaambia watu nyumbani, halafu wiki ya shuti unasikia kachukuliwa msanii mwenye folowazi milioni. Si ndiyo maneno yenu kila siku kwenye grupu? Basi ni ya tangu 1931. Na sijui niseme Mungu fundi ama vipi, hiyo Alam Ara yenyewe leo haipo, nakala zote zimepotea, duniani hakuna mtu mwenye mkanda wake. Jukumu alilolililia hakuna awezaye kuliona.

Miaka minne baada ya pale, 1935, kampuni ya Sagar Movietone ikampa aongoze filamu yake ya kwanza, Judgement of Allah, kwa jina lingine Al Hilal, mambo ya vita vya Warumi na Waarabu. Na aliyeshika kamera ni rafiki yake Faredoon Irani. Likumbukeni hilo jina tafadhali, nitalirudia. Kutoka hapo Mehboob hakurudi tena mbele ya kamera kutafuta ustaa.

Sasa nifike kwenye jambo nililolijia hasa.

Mtu hajui kusoma. Anaongozaje filamu?

Skripti anasomewa. Anakaa anasikiliza mwanzo mpaka mwisho, na mimi naamini, hii ni imani yangu, kwamba ndiyo maana filamu zake mtu asiyejua Kihindi anazielewa. Kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na karatasi ya kujifichia. Ilibidi aione hadithi. Kama kitu hakionekani na hakisikiki kwake hakipo. Nyie mna kompyuta, mna programu ya kuandikia skripti, mna mpaka hiyo AI inawaandikia, halafu kwenye filamu watu wawili wamekaa kwenye kochi wanaelezana mambo ambayo wote wawili wanayajua, dakika kumi na mbili, kochi lile lile! Samahani, nimesema nisigombane na mtu leo.

Lakini mtu asiyejua kusoma anahitaji watu. Na hapa ndipo alipokuwa na akili kuliko wengi waliosoma. Alichagua watu, na alikaa nao. Faredoon Irani nimeshawatajia, alishika kamera kwa Mehboob tangu 1935 mpaka filamu ya mwisho ya 1962, karibu zote. Muziki alimpata Naushad Ali, kijana wa Lucknow, kuanzia Anmol Ghadi ya 1946 akawa naye mpaka mwisho. Waandishi wake, Wajahat Mirza na Ali Raza, nao wakarudi na kurudi.

Nawapa kisa kimoja cha Naushad, yeye mwenyewe alikuwa anapenda kukisimulia uzeeni. Wakati wa Anmol Ghadi wanarekodi wimbo, mwimbaji ni Noor Jehan, sauti ya dhahabu ile, baada ya India kugawanyika alihamia Pakistan akawa malkia wa huko. Mehboob kaingia studio, bosi, mwenye pesa, akaanza kutoa maelekezo. Hapa panda. Hapa shuka. Huu mstari uimbe hivi. Naushad kijana mdogo, kanyamaza, kamwacha bosi afanye anavyotaka.

Kesho yake Naushad akaenda kwenye seti, filamu inapigwa. Mehboob kafurahi, karibu bwana, njoo uangalie shoti, chungulia kwenye kamera. Naushad akachungulia. Akaanza, hiyo meza isogezeni kushoto, hiki kitu kiondoke, kile kije huku. Seti nzima kimya. Mehboob akamuuliza wewe umekuwa dairekta lini, kazi yako ni muziki. Naushad akamwambia nilikuwa nasubiri uyatamke hayo maneno.

Kimya tena. Sasa kwenye seti zetu hapa nini kingefuata? Semeni kweli. Kijana angefukuzwa, si ndiyo? Nauli asingepewa! Mehboob akacheka, na muziki hakuugusa tena. Filamu zilizofuata, Andaz, Aan, Amar, Mother India, zote muziki wa Naushad na bosi hayumo. Mtu amejenga kampuni yake mwenyewe, anaambiwa na mwajiriwa wake kaa upande wako mbele za watu, na anakaa. Mimi hicho kisa nakipenda kuliko tuzo zake zote.

Na kampuni nimesema yake mwenyewe. Mehboob Productions, alianzisha miaka ya arobaini mwanzoni, na nembo yake sasa, hii ndiyo inanichekesha, ni nyundo na mundu. Ndiyo, ile ile ya Wakomunisti. Halafu juu yake sauti inasoma shairi la Kiurdu kwamba hata adui akutakie mabaya laki moja, linalokuwa ni lile tu alilolipenda Mungu. Nyundo, mundu, na kudura! Warusi wangemuelewa kweli? Lakini ukitoka kwenye nyumba ya kimaskini Gujarat, unaswali, na unamchukia mkopeshaji wa kijijini, vyote vinakaa kifuani kwako bila ugomvi.

Na mkopeshaji huyo ndiye anatupeleka kwenye jambo lingine.

Mwaka 1940 Mehboob alitengeneza filamu inaitwa Aurat. Mama mmoja wa kijijini, Radha, mume anaondoka, deni la mkopeshaji linawakaba, njaa, watoto, mmoja anatulia na mwingine anageuka jambazi. Radha alikuwa Sardar Akhtar, ambaye baadaye Mehboob alimuoa. Mkopeshaji, jina lake Sukhilala, aliigizwa na Kanhaiyalal. Filamu ikasifiwa, maisha yakaendelea, akatengeneza nyingine, Bahen, Roti. Roti hiyo ya 1942 ni kali mno kuhusu pesa, tajiri anakufa kwa kiu jangwani akiwa na gari limejaa dhahabu, itafuteni. Akamtoa mwigizaji Nargis kwenye Taqdeer mwaka 1943, binti wa miaka kumi na nne hivi. Akatengeneza Aan mwaka 1952, ya rangi, wakati rangi kule ni anasa, walipiga kwa mkanda mwembamba wa milimita 16 halafu ikakuzwa London kuwa Technicolor, na ikaonyeshwa huko huko London. Mwaka 1954 akafungua studio yake, Mehboob Studio, Bandra, ipo mpaka leo.

Ana studio. Ana jina. Ana pesa. Angefanya nini? Wewe ungefanya nini?

Akarudia Aurat.

Ile ile! Mama yule yule, Radha. Mtoto yule yule, Birju. Mkopeshaji yule yule, na hapa mnisikilize, mkopeshaji akamrudisha Kanhaiyalal yule yule, miaka 17 imepita, cheza tena Sukhilala wako. Ndiyo hiyo Mother India ya 1957.

Kwa nini mtu arudie filamu yake? Vijana mnaniambiaga mzee hii stori nimeshaifanya, sitaki kuonekana nimeishiwa. Nani kasema? Mwaka 1940 India ilikuwa koloni, yeye alikuwa dairekta wa kuajiriwa, rangi hana, maji ya mafuriko hana, pesa ya watu. Stori aliipata mapema kabla hajawa na mkono wa kuibeba. Akaishika na kuikalia mpaka mkono ukakua.

Na hata jina alilitia ubishi. Mwaka 1927, ule ule mwaka wa mtungi, Mmarekani mmoja, Katherine Mayo, alitoa kitabu kinaitwa Mother India, kinaisema India vibaya, wanawake wake, uchafu wake, kwamba hawa hawafai kujitawala. Gandhi alikiita ripoti ya mkaguzi wa mitaro. Sasa serikali iliposikia Mehboob anatengeneza filamu yenye jina hilo hilo ikashtuka, ikaomba ione skripti. Wakaiandikia serikali mwaka 1955, wakaeleza kwamba filamu haina uhusiano na kile kitabu, ni kinyume chake kabisa, na jina wameliweka makusudi kukipa changamoto. Yaani unachukua tusi unalivaa kama kanzu ya Idi.

Shuti zenyewe sasa. Sehemu kubwa ya mambo ya nje walipiga kusini mwa Gujarat, kule kule alikotoroka utotoni. Kwa ajili ya mafuriko mkulima mmoja alikubali shamba lake lijazwe maji, inasimuliwa ekari 500, mikokoteni ya ng'ombe 300, wakulima 200. Hakuna kompyuta. Maji ni maji na tope ni tope.

Na Nargis, ndiye Radha wa safari hii, yuko ndani ya tope hilo. Mkienda kuangalia naomba mtulie pale ambapo ng'ombe hakuna tena, mume kishaondoka baada ya mikono kupondwa na jiwe, na Radha anachukua jembe lile la kukokotwa anaweka bega lake mahali pa ng'ombe. Kamera ya Faredoon iko chini, inamwangalia kutoka chini kwenda juu. Anavuta. Unachoangalia pale ni shingo tu na pumzi. Mtu wa Kano anaelewa, mtu wa Tandahimba anaelewa. Na deni lenyewe ni rupia 500, ila wazee wa kijiji wameamua robo tatu ya mavuno iende kwa Sukhilala kila mwaka kama riba, na zile 500 ziko palepale. Kuna mtu humu ameshakopa kausha damu? Usinyooshe mkono, mke wako yupo.

Sasa Nargis alikuwa na miaka 28 hivi na anaigiza mpaka bibi kizee mwenye mvi. Birju mwanawe aliigizwa na Sunil Dutt. Sunil Dutt kazaliwa Juni 1929, Nargis kazaliwa Juni 1929, wamepishana siku tano! Mama na mwana! Machi 1957 wanapiga tukio la moto kijiji kinaitwa Umra, karibu na Surat, nyasi kavu zimewashwa, upepo ukageuka, moto ukamzunguka Nargis kweli. Sunil akaruka ndani akamtoa, wakaungua wote. Akamuuguza. Mwaka uliofuata wakaoana. Mashabiki waliotoka kulia kwa mama na mwana sijui walijieleza vipi.

Mpango ulikuwa itoke tarehe 15 Agosti 1957, India ikitimiza miaka kumi ya uhuru. Haikuwahi, ikatoka Oktoba. Mwaka 1958 ikawa filamu ya kwanza ya India kuingia kinyang'anyiro cha Oscar upande wa filamu za kigeni. Ikashindwa na ya Mtaliano Fellini, na inasemwa sana kwamba ni kwa kura moja. Mwaka huo huo Nargis akachukua tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Karlovy Vary, Czechoslovakia.

Ila mimi tuzo haziniumizi kichwa. Nataka niwaulize kuhusu ule mwisho, na ambao hamjaiona zibeni masikio, au basi msizibe, ina umri wa kutosha.

Birju kalipiza kisasi. Kamuua Sukhilala, kachoma vitabu vya madeni, halafu kambeba binti wa Sukhilala juu ya farasi anaondoka naye. Mama yake kasimama na bunduki. Sheria ya picha la Kihindi ni ipi? Stering hafi, na mama hulia tu! Mama Radha anapiga. Anampiga mwanae. Kisha anatupa bunduki anamkimbilia, na Birju anakata roho akimpa mama bangili zake, zile zilizowekwa rehani kwa Sukhilala tangu yeye mtoto mdogo, zina damu. Jambazi lote lile, miaka yote ile, lilikuwa linatafuta bangili za mama.

Nimeshasikia watu, hasa kina dada wasomi, wanasema hii filamu inamfanya mwanamke aonekane mzuri akiteseka tu, avumilie, avumilie, mwisho aue hata mwanae kwa ajili ya heshima ya kijiji ambacho hakikumsaidia kitu. Mimi siwapingi. Lipo hilo. Na kuna ushahidi zaidi dhidi ya mzee, Andaz ya 1949, Dilip Kumar na Raj Kapoor na Nargis ndani ya filamu moja, kwangu ndiyo kazi yake safi kuliko zote kwa uongozaji, jinsi watu wanavyoangaliana tu kwenye vioo na ngazi, halafu mwisho inamtupia mwanamke lawama zote kwa sababu alicheka na mwanaume asiye mumewe, na anaenda jela akijutia usasa. Hapo Mehboob simfuati hata hatua moja. Lakini kwenye Mother India naona kitu kingine pia, namuona mtu aliyemwacha mama yake Bilimora akatoroka. Birju anayetoroka na farasi na kijana aliyelala kwenye mazizi ya farasi, mimi siwezi kuwatenganisha. Mnaweza kunipinga, ndiyo maana kuna muda wa maswali.

Namalizia, naona mnaangalia sambusa.

Baada ya Mother India alitengeneza moja tu, Son of India, 1962. Ikaanguka. Stering alikuwa mtoto Sajid Khan, yule aliyecheza Birju mdogo, Mehboob akamlea kama mwanae. Filamu nzito na ndefu, mzee alitaka kufanya muujiza uleule kwa kulazimisha. Aurat ilisubiri miaka 17, hii haikusubiri. Wimbo wake mmoja wa mtoto anayepiga kwata mpaka leo India unaimbwa mashuleni, filamu yenyewe nani anaitazama?

Alikuwa na mpango mwingine, kutengeneza maisha ya Habba Khatoon, mwanamke mshairi wa Kashmir wa karne ya kumi na sita. Hakuwahi. Tarehe 27 Mei 1964 akafariki Nehru, waziri mkuu, India nzima ikalia. Kesho yake, tarehe 28, akafariki Mehboob Khan, miaka 56. Kwa hiyo hata magazetini alikaa kurasa za ndani.

Haya, maswali. Tuanze na dada pale nyuma aliyekuwa anatikisa kichwa nilipotaja bunduki, najua una jambo. Baada ya maswali chai na sambusa, halafu tunaiweka Mother India yenyewe kwenye ukuta huu. Ina dakika 172, wa Mbagala na Chanika pigeni hesabu ya daladala mapema, na tafadhali mtu asinipelekee mbele kwenye nyimbo.